Kuumeni, kukeni au kote: uchague DNA ipi ili swali lako lijibiwe

Watu wengi wakisema nataka kupima DNA wanadhani DNA ni moja tu, unachukua mate unapeleka maabara basi ukweli wote unatoka. Kumbe ndani ya mwili mmoja kuna DNA zinazopita njia tatu tofauti mpaka zikufikie, na ukichagua njia isiyo yako unaweza kupata jibu sahihi kabisa la swali ambalo hukuuliza. Nawajua ndugu wawili wanaume, baba mmoja mama tofauti, walipima wakaletewa karatasi inayosema DNA zao hazifanani, wakanuniana karibu mwaka mzima na mmoja akaacha hata kwenda kumsalimia mzee. Walichopimwa ni DNA ya mitokondria (vile vijumba vidogo vya kutengeneza nishati ndani ya seli), ambayo inatoka kwa mama peke yake! Mama zao ni wawili, zingefananaje? Ile karatasi haikuwa na kosa lolote, ila ilikuwa inaongelea mama zao wakati wao waliuliza habari ya baba.

Kwa hiyo naziweka zote tatu hapa: DNA ya otosomu (zile jozi 22 za kromosomu, yani vifurushi vya DNA kwenye kiini cha seli, ambazo kila mtu anazo, mwanamke na mwanaume), DNA ya kromosomu Y, na DNA ya mitokondria. Kila moja nitaiuliza mambo yaleyale: inarithiwa vipi, ina umbo gani na inafanya kazi gani mwilini, inaona nyuma mpaka wapi, inataka sampuli ya aina gani, na mwisho inajibu nini na inakwama wapi.

Kwanza ujue zinapofanana, maana ukizitazama kwa karibu zote ni kitu kimoja. Ni nyuzi mbili zimesokotana, moja inaelekea juu nyingine chini, katikati zimeshikwa na herufi nne, A, T, G na C, na hapo hamna kuchagua mwenza: A anakaa na T, G anakaa na C. Kutoka jozi moja ya herufi hadi inayofuata ni nanomita 0.34. Picha ya eksirei iliyosaidia kulijua umbo hilo ilitoka maabara ya Rosalind Franklin mwaka 1952, na mwaka uliofuata Watson na Crick wakatangaza muundo wenyewe. Uzuri wa umbo hili ni kwamba ukiwa na uzi mmoja tayari unaujua wa pili, seli ikitaka kugawanyika inafungua nyuzi kama zipu halafu kila uzi unajijengea mwenzake. Mara chache sana herufi inakosewa wakati wa kunakili, hiyo ndo mutesheni, na makosa hayo madogo yanayorithishwa ndo alama tunazozifuata tukitafuta ndugu. Kinachozitofautisha hizi tatu ni mahali zinapokaa na kama zinachanganywa zikienda kwa mtoto. Hilo la kuchanganywa lishike vizuri, karibu kila kitu hapa chini kinatoka humo.

OTOSOMU

Inarithiwa vipi. Nusu ya baba, nusu ya mama. Lakini mzazi hakupi kromosomu zake kama alivyozipokea, mwili wake ukitengeneza yai au mbegu unazilaza kromosomu mbili za jozi moja pamoja, zinakatika hapa na pale zinabadilishana vipande, yani ni kama mtu anachanga karata kabla ya kugawa. Ndo maana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanakuwa na DNA inayofanana kama nusu hivi, ila si nusu kamili, wengine asilimia 40 na kitu, wengine 55, inategemea karata zilivyoangukia. Mzazi na mtoto tu ndo nusu kwa uhakika.

Umbo na kazi. Hapa ndo kwenye shehena kubwa. Ukijumlisha kromosomu za seti moja unapata karibu jozi bilioni 3.1 za herufi, na DNA ya seli moja ukiinyoosha inafika kama mita mbili, inaenea ndani ya kiini kwa sababu imezungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni, kama uzi kwenye bobini. Humo kuna jeni kama 20,000 za kutengeneza protini, lakini sehemu inayoandika protini zenyewe haifiki hata asilimia 2 ya herufi zote. Zilizobaki nyingine ni swichi za kuwasha na kuzima jeni, nyingine ni maneno mafupi yanayojirudia rudia, na hayo marudio ndo dhahabu ya maabara za kupima uzazi, nitayarudia.

Inaona nyuma mpaka wapi. Karibu, ila pande zote. Wajukuu wawili wa babu na bibi mmoja, yani binamu, wanagawana wastani wa asilimia 12.5. Vitukuu wawili kama asilimia 3. Ukifika kwa vilembwe, karibu jozi moja kati ya kumi haina kipande hata kimoja kinachoonekana japo ni ndugu kweli, na kwa vining'ina ni kama nusu yao. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani si ndugu yako kwa kuwa otosomu zenu hazijakutana na nyie ni vining'ina, hiyo haitoshi.

Sampuli. Inataka seli yenye kiini: usufi wa kusugua ndani ya shavu, mate, damu (chembe nyeupe, maana chembe nyekundu hazina kiini), unywele wenye mzizi. Aliyewahi kuwekewa uboho wa mtu mwingine aseme mapema, damu yake na hata mate yanaweza kuonyesha DNA ya aliyemchangia.

Inajibu nini, inakwama wapi. Baba, mama, ndugu wa karibu, hapa haina mpinzani. Niwaonyeshe kidogo inavyofanyika. Kwenye kromosomu ya 11 kuna sehemu inaitwa TH01, pale neno AATG linajirudia, kwa mtu mmoja mara 6, kwa mwingine mara 9, na kila mtu ana namba mbili kwa sababu ana kromosomu mbili. Tuseme mtoto ana 6 na 9, mama ana 6 na 7. Basi 6 imetoka kwa mama, na 9 lazima iwe ya baba. Mwanaume mwenye 7 na 9 anaweza kuwa baba, lakini wenye 9 wako wengi mno duniani, kwa hiyo sehemu moja haithibitishi kitu, wanapima sehemu nyingi kwa pamoja (mfumo wa taifa wa Marekani wa kumbukumbu za DNA unatumia 20 tangu 2017, mwanzo zilikuwa 13) na nafasi ya mtu baki kupatia zote inakuwa ndogo sana. Na upande wa pili, namba moja isipolingana haitoshi kumkataa mtu, marudio yanaweza kuruka hatua moja kwa mutesheni, zikikataa kadhaa hapo ndo anatolewa.

Alec Jeffreys aligundua njia ya kusoma alama za namna hii mwaka 1984 pale Leicester, Uingereza, na kesi ya kwanza kubwa, 1985, ilikuwa ya kijana wa familia yenye asili ya Ghana aliyezuiwa kuingia Uingereza kwa madai kwamba huyu mama si mama yake, huenda ni dada wa mama. DNA ikaonyesha ni mwanawe wa kumzaa. Kesi hiyo naipenda kwa sababu mitokondria isingefua dafu hata kidogo, mtu na dada yake wa tumbo moja mitokondria yao ni ileile, ingesema ndiyo kwa mama na ndiyo kwa mama mdogo.

Inapokwama ni kwenye zile asilimia za asili, kwamba wewe ni asilimia 23 ya kule na 8 ya kule. Zile zinatokana na kulinganishwa na watu walio kwenye hifadhi ya kampuni husika, hifadhi ikibadilika na asilimia zinabadilika bila DNA yako kubadilika hata herufi. Zichukue kama makadirio tu.

KROMOSOMU Y

Inarithiwa vipi. Baba kwa mtoto wa kiume, babu kwa baba, hivyo hivyo mstari mmoja kuumeni. Mwanamke hana. Sehemu yake kubwa haichangwi na chochote, ncha zake tu ndo hubadilishana na kromosomu X (mwenzake wa jozi), kwa hiyo inashuka karibu ilivyo vizazi na vizazi.

Umbo na kazi. Ni fupi, kama jozi milioni 62 za herufi, na imejaa marudio na vipande vinavyosomeka sawa mbele na nyuma, kiasi kwamba ilikuwa ya mwisho kusomwa mpaka mwisho, mwaka 2023. Jeni za protini ni kama mia moja tu. Maarufu kuliko zote ni SRY iliyojulikana 1990, hiyo ndo inayoanzisha ujenzi wa korodani kwenye mimba, na nyingine kadhaa zinahusika na kutengeneza mbegu, ndo maana vipande vya Y vikikatika mwanaume anaweza kukosa mbegu kabisa.

Inaona nyuma mpaka wapi. Mbali sana ila kwa tundu moja. Hesabu tu: vizazi kumi nyuma una nafasi za wazee 1,024, Y inamwona mmoja. Lakini huyo mmoja inamfuata hata maelfu ya miaka. Mwaka 2013 Y ya mwanaume mmoja Mmarekani mweusi ilikutwa haikai kwenye tawi lolote lililojulikana, ikaja kuonekana kwa wanaume wa kabila la Mbo la magharibi mwa Kameruni, tawi lililoachana na yetu wengine zaidi ya miaka 200,000 iliyopita.

Sampuli. Kama otosomu, ila lazima itoke kwa mwanaume. Mwanamke anayetaka kujua Y ya baba yake amuombe kaka wa baba mmoja, baba mdogo, au mtoto wa kiume wa baba mdogo. Na kwenye sampuli iliyochanganyika, seli nyingi za mwanamke na chache za mwanaume, Y inang'ara peke yake, jambo kubwa kwenye kesi za ubakaji.

Inajibu nini, inakwama wapi. Inafaa kujua kama wanaume wawili ni wa ukoo mmoja kuumeni hata kama wazee wote wa katikati wameshafariki. Inakwama kumtaja mtu. Mwaka 1998 Y ya mzao wa Eston Hemings, ambaye mama yake Sally alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, yule rais wa zamani wa Marekani, ilikutwa sawa na ya wazao wa kaka wa baba yake Jefferson. Hiyo ilithibitisha kwamba baba wa Eston ni mwanaume wa ukoo huo, lakini Thomas na mdogo wake Randolph walitakiwa wawe na Y ileile, kwa hiyo ilibidi wanahistoria waongeze nyaraka na tarehe za nani alikuwa nyumbani lini. Y inakufikisha mlangoni kwa ukoo, nani ndani ya nyumba inakuachia.

MITOKONDRIA

Inarithiwa vipi. Mama anawapa watoto wote, wa kike na wa kiume, ila wa kiume wanaishia nayo. Mitokondria za mbegu ya baba zikiingia kwenye yai zinawekewa alama na kuharibiwa.

Umbo na kazi. Hii haifanani na zile mbili, ni duara, pete ndogo ya jozi 16,569 za herufi, na inakaa nje ya kiini, ndani ya mitokondria zenyewe zinazotengeneza nishati ya seli. Jeni 37: 13 za protini za ule mtambo wa nishati, 24 za vifaa vya kuzitengenezea. Ilisomwa yote mwaka 1981, miaka mingi kabla ya kiini. Na kwa sababu ni ya nishati, ikiharibika inaumiza viungo vinavyokula nishati nyingi, macho, misuli, ubongo. Upofu wa Leber unatokana na herufi moja tu kubadilika humu, na unarithiwa kwa mama.

Inaona nyuma mpaka wapi. Mbali kama Y, tundu moja, ila kukeni. Utafiti wa 1987 wa Cann, Stoneking na Wilson ulifuata mistari ya mama za watu kutoka sehemu mbalimbali za dunia ukafika kwa mwanamke mmoja wa Afrika wa takriban miaka 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake, ni kwamba mistari ya wenzake ilikatika pale walipozaa wanaume tu au wasizae.

Sampuli. Hapa ndo inapozishinda zote. Kiini kina nakala mbili tu za kila otosomu, mitokondria kwenye seli moja zina nakala mamia hadi maelfu, kwa hiyo unywele usio na mzizi, jino la zamani, mfupa wa kale, mara nyingi bado kuna kitu cha kusoma. DNA ya kwanza ya Mneanderthali (binadamu wa kale aliyetoweka) kusomwa, 1997, ilikuwa ya mitokondria, rasimu ya DNA yake yote ya kiini ilisubiri mpaka 2010. Kwenye ugonjwa lakini angalia, nakala zenye kasoro zinaweza kuwa chache kwenye damu na nyingi kwenye misuli, kwa hiyo damu safi haimalizi maneno.

Inajibu nini, inakwama wapi. Mfano wangu wa siku zote ni Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza aliyeuawa vitani 1485, mifupa yake ikafukuliwa Leicester 2012 chini ya maegesho ya magari. Walitafuta wazao wa dada yake kwa mstari wa mama, wakapata wawili, mitokondria ya mmoja ikalingana herufi kwa herufi na ya mfalme na ya mwingine ikatofautiana herufi moja, baada ya zaidi ya miaka 500! Y nayo ikajaribiwa kwa wanaume watano wa ukoo, haikulingana na ya mfalme, na mmoja wao hakulingana hata na wale wanne. Yani mahali fulani katikati, mtoto aliandikwa wa baba fulani na hakuwa wake. Mstari wa mama kwa kawaida una mashahidi waliokuwepo wakati wa kuzaliwa, wa baba unategemea neno. Inapokwama umeshaona juu: haitenganishi mama na dada yake, wala bibi mzaa mama na mjukuu, wote wanavaa ileile.

Zikiwekwa pamoja

Ukitaka kuona kwa nini moja haitoshi, soma utafiti uliotoka 2023 kwenye jarida la sayansi la Nature, DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani ya Waswahili kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Mitokondria zao karibu zote za Kiafrika. Y zao nyingi zinaelekea Uajemi na jirani zake. Angepima mitokondria peke yake angesema hawa Waafrika watupu, angepima Y peke yake angesema wageni, na wote wawili wangekuwa na karatasi ya maabara mkononi. Otosomu ndo ikaonyesha mchanganyiko wenyewe, wanawake wa Kiafrika na wanaume wa Kiajemi, kuanzia kama mwaka 1000 hivi.

Sasa wewe chagua kwa hali yako

Unataka kujua huyu ni baba wa mtoto au la: otosomu, na mama naye akipimwa inakuwa nyepesi zaidi. Kama baba ameshafariki na mtoto ni wa kiume, ongeza Y ya kaka wa huyo marehemu, ila kumbuka kaka huyo naye Y ileile ni yake.

Wanaume wawili mnataka kujua kama baba ni mmoja: otosomu kwanza, Y kama nyongeza. Wanawake wawili kwa swali hilohilo, Y hamna, na mitokondria haiongelei baba, hapo waulize maabara habari ya kromosomu X, maana baba ana X moja tu na anawapa mabinti zake wote ileile karibu ilivyo, kwa hiyo mabinti wa baba mmoja lazima wafanane X nzima. Watu wengi hawaijui hii na imeshawatoa machozi ya furaha dada wawili ninaowafahamu.

Mnajiita ukoo mmoja kuumeni na mzee mnayemtaja alikuwepo vizazi kumi na mbili nyuma: Y, tena ile inayosoma alama nyingi. Swali likiwa la bibi mzaa bibi wa mama: mitokondria, na ikitofautiana herufi kadhaa basi mstari mmojawapo si wa huyo bibi, ila ikilingana tu haitoshi, wanawake wengi wasiojuana wanayo inayofanana.

Una mfupa au unywele bila mzizi: anza na mitokondria. Kuna ugonjwa wa macho au misuli unaofuata watoto wa mama mmoja kizazi hadi kizazi na watoto wa wajomba hawana: mwambie daktari hivyo hivyo ulivyouona, ataelewa kwamba pete ile iangaliwe. Mapacha wa kufanana mnaotaka kujua mtoto ni wa nani kati yenu, hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi vya kawaida kitakachowatenganisha.

Na kama huna swali moja, unataka tu kujua mlikotoka, basi otosomu, lakini usianze na wewe. Anza na mzee zaidi aliye hai, bibi au babu, kwa ridhaa yake. Yeye anabeba vipande vya wazazi wake ambavyo wewe ulinyimwa karata zilipochangwa mara mbili, na usufi mmoja wa shavu lake unatoa otosomu na mitokondria kwa pamoja, na akiwa babu, Y pia.